Wiki ya Viraka: Nakuru, Tabaka, Kisumu Hadi Maragoli

Alhamisi: Nakuru, Kericho, Kisii

Tulikubaliana kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tuliondoka saa mbili na robo, kwa kuwa Mama Kevo, dereva wetu na mwenye gari, alikumbuka mizigo ikiwa imeshafungwa kwamba tairi la spea halina upepo tangu Pasaka. Tukazunguka mjini kutafuta upepo. Nilinung'unika kuanzia Section 58 hadi Kenyatta Avenue. Kabla ya jua kutua nilikuwa nimenyamaza.

Tuko wanne. Kila Alhamisi chama chetu hukutana nyuma ya duka langu la ushonaji, si mbali na Top Market, tukaunga vipande vya vitambaa kuwa mablanketi. Watu wa pwani wana jina zuri, mfarishi, lakini Nakuru ukitamka mfarishi utaulizwa kama ni dawa. Kwetu ni blanketi la viraka, na hilo jina ndilo linalotuponza: mteja akisikia kiraka tu, anataka apunguziwe bei.

Simlaumu. Mimi mwenyewe ni fundi cherehani, na kwa miaka 22 nimelipwa kuficha viraka. Kaptura ya shule imetoboka makalioni, koti la mzee limeliwa na panya: kazi yangu ni kuhakikisha hakuna atakayejua. Anayetaka kiraka kionekane alikuwa kwangu ni mwendawazimu, mpaka Mwalimu alipojiunga na chama.

Mwalimu alistaafu shule ya msingi akiwa na nguvu zake zote na hana pa kuzipeleka. Ndiye aliyetuletea habari za mabanda ya Ohio. Mwaka 2001, katika Adams County, jimbo la Ohio huko Marekani, mama mmoja aitwaye Donna Sue Groves alitaka kumuenzi mama yake, mshonaji wa mifarishi, kwa kuchora mraba mmoja wa mfarishi kwenye ukuta wa banda la shamba. Majirani wakapenda, likawa jambo la mtaa mzima, halafu la majimbo mengi. Siku hizi watu hujaza gari mafuta, wakaenda kutoka banda hadi banda, wakipumzika kwenye maduka ya vitambaa. Marafiki wanne kwenye gari, mashati yamejaa makombo.

"Na sisi kwetu tuna nini cha kuangalia?" Mwalimu aliuliza Alhamisi moja, mkasi mkononi. Hakuna aliyejibu, basi akaandika majina ya mahali kwenye daftari lake la jalada gumu, na mwezi wa Agosti tukatoka. Masharti yalikuwa mawili. Kila mtu asizidishe shilingi 3,000 za vitambaa, na hakuna kupita kitu kilichochorwa bila kusimama.

Sharti la pili lilituchelewesha Salgaa tayari, kwa sababu Nyar Siaya, wa nne wetu, alitaka kupiga picha migongo ya malori. Kuna tai, kuna simba, kuna aya za Biblia zenye kivuli cha herufi kilichochorwa kwa mkono usiotetemeka. Mau Summit kulikuwa na baridi ya kukunja vidole na viazi vimepangwa kwenye ndoo, kilima juu ya kila ndoo. Hatukununua. Tulijua tutajuta, na tulijuta.

Kericho nilikuwa nimepita mara nyingi nikiwa nimelala kwenye matatu. Safari hii nilikaa mbele. Majani ya chai yamekatwa usawa mmoja, na vijia vya wachumaji vinapita katikati, sambamba, vikifuata mteremko hadi vinapotelea. Mtu wa cherehani haoni chai pale. Anaona pamba iliyolazwa kati ya vitambaa viwili na kupigwa uzi juu yake, mstari hadi mstari, ili isitembee ndani. Nikamwambia Mama Kevo asimame. Akasimama, na mvua ya Kericho, ambayo mchana haikosi kuja, ikatukuta nje wote wanne.

Tairi lilitoboka baada ya Litein. Kijana wa bodaboda alisimama bila kuitwa, akaweka jeki, akafunga ile spea yenye upepo wa asubuhi. Mama Kevo hakusema neno, aliniangalia tu kupitia kioo hadi Sotik.

Kisii tulifika usiku. Nyumba ya kulala wageni tuliyoilipia ilikuwa na bafu la vigae vipya na haikuwa na maji. Tuliletewa ndoo moja ya watu wanne. Yatosha.

Ijumaa: Tabaka

Ukikaribia Tabaka, barabara yenyewe inakuambia. Vumbi linabadilika rangi. Miguu ya watoto ni myeupe hadi magotini, migomba ya kando ya njia imepakwa unga, na mbele ya kila nyumba kuna rundo la mawe kama watu wengine wanavyoweka kuni.

Haya ndiyo mawe ya sabuni, mawe ya Kisii, na jina la sabuni si la kupamba: ukilishika jipya limeloa, linateleza mkononi vilevile. Kuna jeupe, la waridi, la kijivu, na mengine yana mishipa ya kahawia kama maziwa yaliyomwagiwa chai. Tulitembezwa hadi machimbo. Ni shimo tu, refu, la kuchimbwa kwa mikono, na wanaume chini wakiwa na mtalimbo na majembe. Jiwe likishatoka hukatwa kwa msumeno, kisha panga fupi huanza kuondoa kisichotakiwa. Nilidhani mchongaji angekuwa na patasi kumi za kupendeza. Alikuwa na panga, kisu na tupa, basi, na kiboko alikuwa tayari ameshaonekana mgongo.

Wanaume huchonga na akina mama humaliza. Upande wa akina mama ndiko tulikokaa hadi saa nane. Kila mmoja ana beseni la maji na vipande vya msasa, kwanza mkwaruzo mkubwa kisha mdogo, na anasugua ndani ya maji ili vumbi lisipande. Nilipewa kibakuli nijaribu. Baada ya dakika kumi mama aliyekuwa kando yangu alinipokonya kwa upole, akapitisha kidole gumba ukingoni, akanionyesha kovu nililoliacha. Silioni, nikamwambia. "Funga macho," akasema. Nikafunga, nikapitisha kidole, nikalipata.

Kisha tukaona kilichomfanya Mwalimu atoe daftari. Sahani iliyosuguliwa hupakwa rangi nyeusi au buluu, ikikauka msichana anakaa nayo pajani na ncha kali, anakwaruza. Popote ncha inapopita, weupe wa jiwe unatoka. Hachori kwa penseli kwanza, wala hapimi. Alianza na pembetatu ukingoni, akageuza sahani, pembetatu, akageuza, na aliporudi alipoanzia nafasi iliyobaki ilitosha pembetatu moja kamili. Mimi nikikata vitambaa vya duara napima mara tatu na bado kipande cha mwisho huwa nusu.

"Unahesabu?" nilimuuliza.

"Hapana, mama. Naangalia nafasi iliyobaki, si ile nimemaliza."

Nimekuwa nikilifikiria hilo jibu kila nikikata.

Tabaka ndiko alikozaliwa Elkana Ong'esa, mchongaji ambaye sanamu yake ya Enyamachore, ndege wa amani, imekaa kwenye makao makuu ya UNESCO huko Paris tangu 1978. Kila mtu kijijini hulitaja jina hilo kama tunavyotaja la mwanariadha. Lakini kilichonigusa ni sanaa isiyosafiri. Wenye nyumba wameegemeza nje ukutani vile vilivyovunjika: twiga asiye na shingo, kifaru bila pembe, nusu ya familia iliyoshikana mikono. Kuku wanalala kati yao. Ndilo jumba la sanaa la wazi la kwanza tuliloliona, na hakuna aliyelipanga.

Nyar Siaya alinunua sahani sita, zikawa uzito ambao gari letu, Probox, liliulalamikia hadi mwisho wa safari. Mimi nilinunua vifungo vya jiwe, ishirini. Mwalimu aliuliza kama hizo ni pesa za vitambaa. Nikamwambia vifungo ni vya nguo, kwa hiyo ni vitambaa.

Jumamosi: Kisii hadi Kisumu

Oyugis, Sondu, Katito, Ahero. Mashamba ya mpunga ya Ahero yamegawanywa kwa matuta, na maji ndani ya kila kipande yana rangi yake kulingana na umri wa mpunga. Mwalimu alisema tuache kuona mablanketi kila mahali, tutachoka kabla ya Kisumu. Alisema kweli, tukaongea habari za watoto.

Joto la Kisumu lilitupokea kwenye mzunguko wa kuingia mjini, na tukaenda moja kwa moja kwenye maduka ya vitambaa ya katikati ya mji. Nyingi ni za familia za Kihindi, zenye dari ndefu na marobota yaliyosimamishwa kama askari. Hapa ndipo penye mchezo wetu. Blanketi la viraka linataka pamba. Ukichanganya pamba na polista, wiki ya kwanza ni zuri, ukilifua mara tatu pamba inarudi na polista inakataa, mshono unajikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu.

Duka moja, ambalo sitalitaja, walituapia kwamba kitenge chao ni pamba tupu. Kitenge kizuri, maua ya zambarau, yadi sita. Nikaomba uzi mmoja kutoka ukingoni. Nje, kwenye ngazi, Mama Kevo akawasha kiberiti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi, unanuka karatasi, unaacha jivu laini linalopotea ukilisugua. Huu ulijikunyata, ukanyong'onyea, ukaacha kishanga cheusi kigumu kwenye ukucha wangu. Nikarudi nikakiweka kile kishanga kaunta. Kijana wa duka alikiangalia, akaniangalia, akasema, "Basi chukua kwa mia sita." Nilikichukua, jamani. Ni kwa ajili ya gauni, si blanketi.

Duka la pili lilikuwa na mama mmoja wa makamo aliyekuwa akikunja leso. Alipojua tunatafuta nini, alipanda ngazi akashusha kipande cha shuka nzito, nyeupe iliyogeuka njano, akasema ni ya KICOMI. Wasiojua: hicho kilikuwa kiwanda cha pamba cha Kisumu, kilichonunua pamba ya wakulima wa huku na kuifuma hapahapa, kikafungwa miaka ya 1990. Shuka ile haikuwa ya kuuza. Alitupa tu tuishike. Nikafanya kama nilivyofundishwa Tabaka, nikafumba macho, na uzi wake ulikuwa mnene na uliojaa, bila uteleziutelezi wa vitambaa vya sasa. Alikirudisha juu.

Jioni tulishuka Dunga, ufukweni mwa ziwa. Nyar Siaya alitaka tule samaki, na tulikula, ngege mzima kila mtu na kuon, yaani ugali, wa mtama, lakini mimi nilikuwa na macho kwenye boti. Zimepakwa rangi za kupigana: njano na buluu, kijani na nyekundu, mraba kando ya mraba hadi kwenye pua, na jina kila ubavu. Boti moja ilikuwa imepinduliwa mchangani na fundi alikuwa akiikalafati. Nikasogea. Kati ya ubao na ubao alikuwa akishindilia pamba. Pamba, ile ile tunayojazia mablanketi, anaisokota kwa vidole iwe kamba, anaigongea ndani ya ufa kwa patasi butu na nyundo, tok, tok, kisha anaipaka juu.

Nilimwambia sisi pia kazi yetu ni pamba na mishono. Akaniuliza mishono yetu inazuia maji? Nikakiri kwamba haizuii. Akaendelea kugonga.

Jumapili: Kibuye

Soko la Kibuye liko kila siku, lakini Jumapili linafurika mpaka barabarani. Tulikubaliana kukutana saa sita kwenye gari. Nilirudi saa tisa kasoro, na sikuwa wa mwisho.

Mitumba ina lugha yake. Robota likifunguliwa, nguo za kwanza, zile safi, ni kamera, na kamera huondoka kabla hujasema bei. Katikati ni za watu wa kawaida. Mwisho kabisa ni fagia, zilizolundikwa kwenye turubai chini, shilingi ishirini chagua, shati lisilo na kola, suruali yenye mguu mmoja uliopauka. Fundi wa viraka haulizi kamera. Tulipiga magoti kwenye fagia kama watu wanaopalilia.

Nilikuwa natafuta mashati ya wanaume ya pamba, ya mistari na ya vyumba. Mgongo wa shati la mwanaume ni kitambaa kizuri kuliko chote, kwa sababu ndicho kisichochakaa: kola inakufa, mikono inakufa, mgongo umeegemea kiti tu. Shati kubwa hunipa vipande 12 vya inchi sita mgongoni peke yake. Nilipata mashati 17.

Mwalimu alishika jinzi. Rundo zima, magoti yamepauka, moja lina alama ya mfuko uliong'olewa, pale buluu imebaki mbichi kama siku iliposhonwa. Akatoa daftari, akasoma kwa sauti kwamba huko Gee's Bend, Alabama, akina mama wa Kimarekani weusi walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za shamba kama hizi, ili watoto wasilale na baridi, na mwaka 2002 mifarishi hiyo ikatundikwa kwenye jumba la sanaa la Whitney, New York. Mwaka 2006 ikachapishwa kwenye stempu za posta.

Muuza jinzi alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hivyo mama hii ni ya stempu," akasema. "Basi ishirini haitoshi. Hamsini."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mwalimu alilipa thelathini na tano, akavumilia masimango yetu siku nzima.

Nyar Siaya ndiye aliyetutia kwenye ugomvi wa pekee wa safari. Alipata leso iliyochanika, nusu yake imekwenda na maji. Leso mnaijua: ina pindo pande zote nne, mji katikati, na chini ya mji kuna jina, yale maneno. Ya huyu ilikuwa imebaki na neno moja tu: HAUOZI. Mwenzake, wema, alikuwa kwenye nusu iliyopotea. Nyar Siaya alisema atalikata neno hilo aliweke katikati ya blanketi. Mwalimu akasema jina la leso halikatwi, na neno lisilo na mwenyewe halina maana. Nyar Siaya akasema ndiyo raha yake, kila atakayelala chini ya blanketi achague mwenyewe kisichooza. Walibishana hadi kwenye gari, wakabishana chakula cha usiku. Mama Kevo aliulizwa upande wake, akasema yeye ni dereva.

Mimi niko na Nyar Siaya, ila sikusema kwa sauti, maana tulikuwa tunaelekea kulala kwao Mwalimu.

Jumatatu: Kit Mikayi, Maseno, Maragoli

Barabara ya Bondo, kama kilomita 29 kutoka Kisumu, mawe yanasimama pekee yake juu ya miti. Kit Mikayi: jiwe la mke wa kwanza. Husimuliwa kwamba mzee Ngeso aliyapenda sana mawe hayo, kila siku akienda kushinda huko, mke wake akimpelekea uji. Watu wakimuuliza mama anaenda wapi, anajibu anampelekea uji mume wake aliye kwa mke wa kwanza. Nyar Siaya aliisimulia kwa Kijaluo kwanza, akacheka peke yake, kisha akatufasiria, na ilikuwa dhahiri nusu ya utamu ilibaki kule.

Tulipanda kati ya mawe hadi penye ubaridi. Waumini walikuwa wakiomba kwa nyimbo mle ndani, mishumaa imeacha machozi ya nta kwenye mwamba, na tukapita kimyakimya. Ohio hawana hii, Mwalimu alinong'ona.

Maseno tukasimama kwenye mstari wa ikweta, kila mmoja mguu huku na mguu kule, picha ile ile ya kila mtu. Luanda sokoni tulinunua rangi: makopo mawili ya rangi ya mafuta, jekundu na jeupe, na brashi. Kwa sababu Mwalimu alikuwa na jambo alilotuficha tangu Nakuru. Alitaka tuchore mraba wa mfarishi kwenye ukuta wa jiko la mama yake.

Maragoli ni vilima vya mawe makubwa ya mviringo, na nyumba zimejibanza katikati. Mama alitungoja chini ya mparachichi. Ana miaka themanini na kitu, anasikia vizuri anachotaka kusikia. Tulisalimia mmoja mmoja, tukaketishwa, kuku akakimbizwa mbele yetu ili tuone ni wetu. Mrenda, ugali wa wimbi. Ndipo akauliza tumebeba nini kwenye gari zito namna hiyo.

Mwalimu akafungua magunia ya fagia. Mama akaangalia mashati, akaangalia jinzi, akamwangalia binti yake.

"Mmetoka Nakuru kutafuta viraka?"

"Ndiyo, mama."

"Nakuru vimeisha?"

Jumanne: Ukutani

Mama alikataa rangi ya mafuta asubuhi na mapema. Hakugomba, alifungua kopo, akanusa, akafunga. Ukuta wa udongo ukiupaka mafuta, alisema, hauwezi kupumua, ukinywa maji kwa nyuma rangi yote inabambuka kama ngozi ya mgonjwa. Akatupa majembe. Tulikwenda mtoni kuchota udongo mweupe, tukachota mwekundu kwenye ukingo wa barabara, masizi tukayakwangua chini ya sufuria zake, mavi ya ng'ombe ya kushikiza yakatoka kwa jirani.

Mchoro ulikuwa Nyota ya Ohio. Ni rahisi kwa kitambaa: mraba uliogawanywa mara tisa, pembe nne na katikati huachwa wazima, na ile minne ya kando kila mmoja hukatwa pembetatu nne. Mabanda ya Marekani hutumia mbao za futi nane kwa nane. Jiko la Mama lilitupa futi nne. Mama Kevo na mimi tulishika kamba iliyopakwa majivu, tukaivuta, tukaiachia ipige ukuta, mstari ukabaki.

Nilipaka pembetatu za kwanza kwa brashi. Mama alivumilia tatu, kisha akaniondoa. Alichovya kiganja, akakiweka ukutani, akakivuta kwa duara kutoka begani, na udongo ukalala kama siagi. Sisi tukawa wa kuchanganya tu. Mwalimu alijaribu kumwelekeza kwamba hapa ni nyeupe, pale ni nyekundu, kwa mujibu wa daftari. Mama akaweka nyeusi. Kisha ukingoni, ambako nyota haina kitu, akaongeza vidole vitatu vikavu kupitia udongo mbichi, mawimbi mawimbi, kama alivyofanya mama mkwe wake. Daftari likafungwa.

Saa tisa upepo ukageuka. Mvua ya huku haibishi hodi. Tulikimbia na turubai, tukalishikilia ukutani wanne tumelowa, na bado maji yaliingia kwa chini yakachukua pembetatu mbili na kona. Mweupe ukateremka juu ya mwekundu. Mwalimu alikuwa karibu kulia. Mvua ilipokatika Mama alitoka na bakuli, akachota udongo uliobaki, ambao haukufanana rangi na ule wa kwanza kwa sababu ulikuwa umelowa zaidi, akaubandika palepale palipobanduka, akapiga kiganja mara mbili.

Kile kiraka kinaonekana ukiwa barabarani. Nilikiangalia hadi giza, nikitafuta jinsi ambavyo ningekificha.

Jumatano: Kurudi

Chavakali, Kapsabet, chai tena, nyumbani usiku. Sina la kusema juu ya njia, nililala. Hesabu ya vitambaa: hakuna hata mmoja aliyebaki ndani ya shilingi 3,000, na Mwalimu ndiye aliyevuka zaidi ya wote.

Ila asubuhi, kabla ya kuondoka, tulizunguka nyuma ya jiko kupiga picha ya mwisho. Udongo ulikuwa umekauka, rangi zimetulia. Katikati kabisa ya nyota, kwenye ule mraba mzima, Mama alikuwa amepigilia msumari wa inchi nne na kutundika uteo wake.

"Mama!" Mwalimu alisema.

"Mmenipimia katikati vizuri," Mama akajibu, akiwarushia kuku mahindi. "Huo msumari nimeutafutia mahali tangu mwaka jana."